Kahawa ya Golikipa

Simu ilipolia, Mwanamboka alikuwa anamkanda Bi Amna mguu, na Bi Amna hapendi kuachiwa mguu nusu. "Iache ilie," alisema. "Mwenye shida atapiga tena." Ikalia tena, na tena, mpaka bibi mwenyewe akachoka. "Haya ipokee, isije ikawa msiba."

Haukuwa msiba. Alikuwa Saliha, dadake mkubwa Mwanamboka, anapiga kutoka Tanga, na Saliha hana sauti ya simu. Ana sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Bi Amna alisikia kila neno pale kitandani. Rehana kachaguliwa! Timu ya taifa ya wasichana, soka la ufukweni, na yeye ndiye golikipa. Na mashindano ya mataifa yanachezwa wapi safari hii? Omani! Sur! "Mwanao anakuja huko huko uliko, Mwanamboka. Umesikia wewe?"

Mwanamboka alisikia. Akasema alhamdulillahi, akaisema tena, kisha akakaa sakafuni na mafuta yake mikononi, hajui acheke au alie. Ningekuwapo ningemwambia afanye yote mawili.

Maana furaha ile ilikuja na hofu yake, na hofu yenyewe haikuanza siku ile. Mwanamboka ni mtu wa Mwambani, pwani ya Tanga. Mumewe alipofariki, alikuja Ibra, huku Omani, kufanya kazi ya ndani kwa Bi Amna, akamwachia Saliha mtoto ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Likizo alikuwa akienda, na masanduku yake ya tende na mablanketi, na kila likizo alimkuta Rehana kazidi urefu na kapungua maneno. Mara ya mwisho mtoto alikuwa darasa la tano. Kisha ikaingia korona, ndege zikalala. Njia zilipofunguka na tiketi ishakatwa, Bi Amna akateleza bafuni, nyonga ikavunjika.

Nani alimwambia Mwanamboka abaki? Hakuna. Bi Amna mwenyewe alimwambia, "Nenda, mwanangu, nenda kamtazame mtoto wako," huku machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Nenda ya namna hiyo, nani ataweza kwenda nayo? Watoto wa bibi walikuja, kutoka Nizwa na kutoka Maskati, wakapishana kwa zamu, watoto wema wote, lakini bibi alikataa kuguswa na mkono mwingine. Alipofundishwa upya kutembea, kutoka kitandani mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka mlangoni, aliyekuwa akimshika chini ya kwapa ni Mwanamboka. Tiketi ikapotea hivyo hivyo, na likizo ya baada yake ikapotea pia.

Ndipo siku moja Rehana alipouliza kwenye simu, "Kwani mama, bibi huyo hana watoto wake?" Aliuliza kwa adabu. Hata shikamoo ilitangulia. Na adabu ile ndiyo iliyomchoma Mwanamboka, kwa sababu mtoto anayekufokea bado ni wako. Toka siku hiyo simu zao zikawa fupi: shikamoo, mzima, ndiyo, hapana, haya nakupa mama mkubwa.

Kwa hiyo Mwanamboka hakuogopa kwamba mwanawe hatamjua. Picha si zipo. Aliogopa kwamba atamjua vizuri tu, atampa shikamoo yake, na atapita.

Haya yote Bi Amna aliyajua bila kuambiwa. Yeye alizaliwa Malindi, Unguja mjini, akahamia Omani msichana, na Kiswahili chake ni kile cha zamani, kimenyooka na hakina huruma. Ijumaa, wajukuu walipokuja kula, alimwita Shatha akamkalisha mbele yake.

Shatha ni mtoto wa mwanawe, ndiye aliyekuwa akisukwa nywele za kwenda skuli na Mwanamboka, na sasa ni mtu mzima, anafanya kazi uwanja mkubwa wa ndege Maskati, katika kundi linaloandaa mapokezi ya timu. Kiswahili chake kimekatika huku na huku, lakini moyo wake mzima.

"Hebu n'ambie," Bi Amna akasema, "hao wachezaji watapita wapi?"

Lo, Shatha alikuwa hana hamu ya kulizungumza jambo jingine! Akaeleza mpaka wali ukapoa. Uwanja umepinduliwa juu chini. Mishale mipya imebandikwa, madirisha ya pasipoti yameongezwa, timu zimetengewa njia yao peke yao ili zisisongamane na abiria wengine. Pamewekwa daktari, pamewekwa mahali pa kusali, pamewekwa mkanda maalumu wa mizigo kwa ajili ya mipira na nyavu. Mbwa wa kunusa wamezoezwa wasirukie mifuko ya mipira. Madereva wa mabasi wamepelekwa njia yote ya Sur, wakipita hapa hapa Ibra, wakipita Al Kamil, kutazama wachezaji watapumzika wapi. "Hata vyoo ya njiani tumeangalia, Bibi. Mimi mwenyewe nimeingia."

"Mungu akulipe," Bi Amna akasema. "Na baada ya vyoo?"

Baada ya vyoo kuna kahawa. Wakubwa wameamua kila timu ipokewe kwa kahawa na haluwa, kama mgeni anavyopokewa nyumbani kwa mtu. Timu za wanawake zitapokewa na wanawake, na wanatafutwa wanaojua kumimina.

"Basi umeshampata. Kahawa ya nyumba hii anaipika nani, mimi?"

Shatha akamtazama bibi yake, akamtazama Mwanamboka aliyekuwa anakusanya sahani na kujifanya hasikii. Akaelewa. "Lakini lazima tasrihi, Bibi. Kibali. Siyo rahisi."

"Sikukuuliza kama rahisi."

Shatha alikiomba kibali hicho. Akapanda ofisi hii, akashuka ile, akarudishwa, akarudi. Siku alipokileta, kitambulisho cha shingoni chenye picha na jina kamili la Mwanamboka, mwenyewe aliinama ambusu mkono, na Shatha akaruka kama kaguswa na moto. "La, la, Da Mwanamboka! Haifai! Mimi ndiyo nabusu wewe." Wakabusiana vichwa, wakalia, na Bi Amna akawafukuza wote wawili sebuleni kwa kuwa wanamharibia taarifa ya habari.

Kabla ya wageni wa kweli ilibidi waje wageni wa uongo. Ndivyo viwanja vya ndege vinavyojipima: wanachukuliwa watu wa kawaida, wanapewa mizigo na majina ya kuigiza, wanapitishwa kila mahali ili ionekane pa kukwama. Shatha akasema watu anao, akaleta basi zima kutoka Ibra. Kila mmoja akapewa kadi ya nani atakuwa leo. Mzee Yaqoob, jirani yao, ndevu zake nyeupe zinagusa kifua, akaangukiwa na kadi ya mshambuliaji wa kike wa Brazili. Akaisoma, akaikunja, akasema hewala. Bi Amna akawa abiria wa kiti cha magurudumu, na hiyo haikuhitaji kuigiza sana.

Jamani, siku ile! Mkubwa wa mapokezi, Humoud, mtu mwembamba mwenye haraka, alisimama na saa yake mkononi kuona foleni itakwenda vipi. Foleni haikwenda. Mtu wa Ibra hampiti mwenziwe bila salamu, na salamu haiishi bila kuulizana habari, na habari haziishi. Mbrazili Yaqoob alipofika dirisha la pasipoti akamkuta kijana wa ukoo wa mkewe. Akamuuliza habari za baba yake, za ami yake, na za mtende wao ulioanguka na mvua. Nyuma yake wazee wawili wakawa wanaapiana, kila mmoja anamtaka mwenziwe atangulie, wallahi wewe, wallahi wewe, na dirisha la tatu likakaa wazi halina mtu.

"Nyinyi ni Wabrazili!" Humoud alilia kwa Kiarabu. "Wabrazili hawaulizani habari za mitende!"

"Umewahi kwenda?" Mzee Yaqoob akamuuliza.

Mahali pamoja tu palikwenda vizuri, kwenye kahawa. Anayemimina husimama, dele, birika lile la kahawa, mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia. Mgeni huketi. Kikombe kikirudi kitupu, unamjazia tena, na utaendelea kumjazia mpaka akitikise; hapo ndipo amekwambia basi. Huwezi kumuuliza kama ametosheka, wala huwezi kumwonyesha kwamba atikise. Hiyo ni aibu kubwa, ni sawa na kumwambia ondoka. Watu wa Ibra walikunywa vikombe viwili vitatu, wakatikisa, wakashukuru, wakainuka. Humoud akasema kwa furaha, kahawa haina tatizo, tusiiguse.

Sasa wewe unayesikiliza umeshaona kosa lilipo. Wao, wote wale wenye akili na saa zao, hawakuliona. Kahawa waliijaribu kwa watu waliozaliwa wanatikisa kikombe.

Siku yenyewe ikafika, asubuhi nyeupe isiyo na wingu. Timu ya kwanza kutua ilikuwa ya Tanzania. Mwanamboka alikuwa kwenye ukumbi wa mapokezi toka mapema, buibui jipya, kitambulisho shingoni, dele limejaa na iliki inanukia mpaka kwenye mkanda wa mizigo. Njia nzima kutoka Ibra alikuwa akipanga maneno. Alikuwa nayo mengi, mazuri, kayapanga kwa mpango wake. Bi Amna alikuwapo pia, kwenye kiti chake cha magurudumu, kajipamba kama anayekwenda harusini. Kitambulisho chake cha siku ya majaribio hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Mlango ukafunguka, wasichana wakatoka na mabegi yao, wanacheka, wanapiga picha mishale ya Shatha. Wa nyuma kabisa ni mrefu, mtandio umefungwa sawasawa, glavu zinaning'inia begani. Mwanamboka alimjua kwa mwendo. Alitembea kama marehemu baba yake.

Rehana akamwona. Akaja moja kwa moja, akainama, akambusu mkono. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akangoja kidogo. Mwanamboka akafungua kinywa, na katika yale maneno yote aliyoyapanga hakulipata hata moja. Basi Rehana akaitikia kwa kichwa, kwa adabu ile ile, akaenda kuketi na wenzake kwenye safu ya viti vya wageni. Akatazama glavu zake.

Mwanamboka alibaki amesimama pale, dele mkononi, na hakuweza kuinua mguu. Wamiminaji wengine wakawa wanamtazama. Shatha akamtazama, na machozi yalikuwa karibu.

"Nipe dele," Bi Amna akamwambia Mwanamboka.

"Bibi, mguu wako," Mwanamboka akasema.

"Nipe dele, n'nakwambia."

Akainuka. Akashika ukingo wa meza, akauachia, akenda hatua kwa hatua mpaka mbele ya Rehana, akasimama hapo kama asimamavyo mwenye kumimina. Wamiminaji, wanawake wa Ibra, wakatazamana. Mwenye nyumba, mtu mzima wa umri ule, hasimami kummiminia mtoto wa mfanyakazi wake. Hawakupata kuliona jambo hilo.

"Wewe ndiye Rehana."

"Ndimi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye yule bibi uliyeuliza kama hana watoto. N'nao, watano, Mungu awaweke. Lakini aliyenifunza kutembea mara ya pili ni mama yako. Mama yako ni wako, na mimi nilikaa naye siku zako. Yeye n'namshukuru kila siku. Wewe sijakushukuru. Ahsante, mwanangu. Kunywa kahawa."

Rehana akapokea kwa mikono miwili, kinywa wazi. Akanywa, akakirudisha kikombe. Bi Amna akajaza. Rehana akanywa, akarudisha. Bi Amna akajaza.

Yaani hapo ndipo adabu mbili zilipokamatana. Huyu mwenyeji, kikombe hakikutikiswa, hawezi kuacha. Yule mtoto kalelewa Tanga, mtu mzima kamsimamia kwa mkono wake, hawezi kukataa. Cha tatu, cha nne, cha tano. Wasichana walianza kwa kucheka, "Golikipa umepatikana leo!" kisha wakaacha kucheka, maana mguu wa bibi ulianza kutetemeka, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Shatha alijua, lakini atamwambiaje mgeni kwamba ametosheka? Humoud akaja mbio na saa yake, akaona, akarudi nyuma. Kocha akadhani ni sherehe ya nchi, akasimama wima kwa heshima.

Bi Amna akajaza tena. Dele lilikuwa linacheza mkononi.

"Rehana!" Sauti ilitoka kwa Mwanamboka bila kumuaga, sauti ile ya mama aliyemwona mtoto ukingoni mwa kisima. "Kitikise kikombe, mwanangu! Kitikise, bibi anaanguka!"

Rehana akatikisa, kahawa ikamrukia mpaka puani. Bi Amna akasema "Ahsante," na goti likamwachia. Dele likaenda chini. Bi Amna hakwenda, kwa sababu golikipa alishatoka kwenye kiti, kaudaka ule mwili wa bibi kabla haujafika popote, na upande wa pili mkono wa Mwanamboka ulikuwa tayari umeingia chini ya kwapa, pale pale unapoingia kila siku. Wakamnyanyua pamoja. Rehana alikuwa na nguvu za kutosha peke yake, lakini hakujua kumshika. Mama yake akamwambia, siyo hapo, hapo nyonga ina chuma, mshike huku juu, mwache aegemee, mwache avute pumzi kwanza. Akafuata. Hatua moja, wakangoja, hatua nyingine, mpaka kwenye kiti cha magurudumu.

"Mwepesi hivi," Rehana akasema taratibu.

"Sasa ana afadhali. Ungemwona mwanzo."

"Ulikuwa unamshika hivi kila siku?"

"Kila siku."

Rehana akapiga magoti, akamfuta bibi jasho kwa ncha ya mtandio wake. Bi Amna alikuwa amefumba macho na anatabasamu, kajeuri kale, kachoka na karidhika. Kisha Rehana akainua uso. Ile adabu ilikuwa imeondoka usoni, na chini yake alikuwa mtoto wa darasa la tano.

"Basi ulifanya vyema kubaki, mama," akasema. "Mimi nilikasirika tu. Nilikasirika sana."

"Najua."

"Nilikuwa nakutaka mimi."

Mwanamboka akamvuta, akamkumbatia, glavu na begi na vyote. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Bi Amna, akamshukuru Saliha aliyelea, akamshukuru Shatha na ofisi zake, kwa sauti, mmoja baada ya mmoja, na wasichana wa timu wakawa wanaitikia amin kama walioko hitimani. Shatha alilia mpaka wanja ukamfika shavuni. Humoud aliwaita wamiminaji wote, akaamuru kwamba kuanzia timu inayofuata kila mgeni aelezwe mambo ya kikombe kabla hajaketi, kwa lugha yake. Wanawake wa Ibra wakaona haya, lakini wakakubali, wakitazama ule mguu wa bibi.

Basi la Sur likapiga honi nje. Kocha akakohoa kidogo, akasema samahani mama, tuna mazoezi jioni. Rehana akachukua begi lake. Mwanamboka akamfuata mpaka mlangoni, anatafuta yale maneno yake mazuri ya njiani, na kilichotoka ni hiki:

"Umekunywa kahawa nyingi mno. Leo hulali."

"Silali," Rehana akasema, anajifuta pua. "Nitakupigia. Safari hii sikupi mtu mwingine, tuzungumze mimi na wewe tu."